Kumwambia Mtoto Kweli



Mtoto wetu alikuwa na miaka mitano tulipopewa barua ya rufaa ya kumpeleka Dar es Salaam kufanyiwa upasuaji. Tulitoka nayo hospitali ya wilaya hapa Kilindoni, tukaikunja, tukaiweka ndani ya Biblia kubwa ya nyumbani, na kwa siku nne hatukumwambia kitu. Wazee wa kanisa tuliwaambia. Ndugu zetu wa bara tuliwapigia simu. Mwinjilisti tulimweleza ili ajiandae kuongoza ibada za Jumapili mbili. Kwa mawazo yetu, ni mtu mmoja tu ambaye hakuwa na habari, naye ndiye aliyekuwa anakwenda kupasuliwa.

Tunaandika haya kwa sababu wazazi wengi katika usharika wamepita njia hiyo au wataipita. Kwetu sisi watu wa Mafia, ugonjwa ukihitaji hospitali kubwa, kuna bahari katikati. Tunazungumza sana juu ya nauli, juu ya boti na juu ya nani atatupokea mjini. Habari ya mtoto mwenyewe, nini aambiwe na lini, huachwa mpaka dakika ya mwisho, au haizungumzwi kabisa.

Kunyamaza kwetu kulikuwa na sababu, na sababu hiyo ilikuwa deni la zamani.

Alipokuwa na miaka mitatu alishikwa na homa kali usiku. Tulimbeba kwenda kupimwa, na njiani akauliza kama atachomwa sindano. Mmoja wetu alimjibu kwamba hakuna sindano, daktari atamtazama tu. Yule mwingine alisikia akanyamaza. Hatutasema nani alisema na nani alinyamaza, maana mbele ya mtoto tulikuwa na kinywa kimoja. Dakika chache baadaye tulimshika mikono na miguu, watu wazima wanne, akatolewa damu, kisha akawekewa dripu. Homa ilipona siku ya tatu. Jambo jingine halikupona.

Tangu hapo akawa mtu wa kuhakikisha. Tukisema uji umepoa, anautia kidole kwanza. Tukisema tunakwenda sokoni na kurudi, anauliza mara tatu. Jioni moja, wakati wa sala ya kulala, alikataa kufumba macho. Tukamwambia afumbe, Yesu anamsikia. Akauliza, "Mmemwona?" Tukajibu kwamba hatujamwona kwa macho, ila tunajua yupo. Akafikiri kidogo, akasema, "Hata sindano mlisema haipo."

Wapendwa, katika chuo cha theolojia tuliulizwa maswali mengi magumu, lakini hakuna lililotuchoma kama hilo. Mtoto hakuwa anabishana na imani. Alikuwa anafanya hesabu ya kawaida. Watu waliompa habari za Yesu ni walewale waliompa habari za sindano, na habari za sindano amekwisha kuzipima akakuta si kweli. Luther alipoandika Katekisimo Ndogo mwaka 1529, aliielekeza kwa mkuu wa nyumba awafundishe watu wa nyumba yake. Sisi tulikuwa tumefundisha Amri ya Nane kwa kinywa, na kinyume chake kwa mikono minane iliyomshika mtoto kitandani.

Kwa hiyo barua ya rufaa ilipokuja, tuliogopa. Tukimwambia kweli, tulifikiri, atalia siku zote mpaka safari. Tusipomwambia, tutarudia dhambi ileile.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa uvimbe kwenye kinena, upande wa kulia. Akilia au akikohoa unatoka, akilala unarudi ndani. Hapa pwani uvimbe wa namna hiyo watu huuita mshipa, na neno hilo huja na minong'ono. Kisiwa chetu kiliteswa miaka mingi na mabusha na matende, magonjwa yanayoenezwa na mbu, na mwaka 2000 mpango wa taifa wa kugawa dawa za kuyatokomeza ulianzia hapahapa Mafia. Kwa hiyo kila uvimbe wa sehemu ile hutazamwa kwa jicho lile la zamani. Wenzake walimcheka. Akaacha kuoga nao baharini.

Daktari alitueleza kwa utulivu. Mtoto wa kiume akiwa bado tumboni mwa mama, huwa na njia ndogo inayotoka tumboni kushuka kinenani. Kwa kawaida njia hiyo hujifunga yenyewe. Kwa watoto wengine haifungi, na kipande cha utumbo hupenya humo. Ni ngiri. Si busha, si uchawi, wala si adhabu ya dhambi ya mtu. Lakini haipoi kwa dawa wala kwa kuchua, hufungwa kwa upasuaji. Na isiachwe muda mrefu, kwa sababu siku moja utumbo unaweza kunasa, damu isipite, na hapo mtoto huwa na saa chache tu. Kwa mtu wa kisiwani maneno "saa chache" yana uzito wake. Ilikuwa majira ya kusi. Tulilala tukisikia upepo ukivuma kwenye minazi, tukahesabu ni usiku mingapi ambayo hakuna chombo kinachoweza kuondoka.

Wako washarika wachache waliotujia kwa upendo wakasema tusiwe na haraka, tufunge kwanza na kuomba, maana mchungaji akimkimbilia daktari kondoo watasema nini. Tulifunga na kuomba. Kisha tukawakumbusha kwamba Bumbuli, Ilembula, Ndolage na Haydom ni hospitali za Kanisa letu. Waliotangulia walijenga hospitali na kanisa kwa mikono ileile, wala hawakuona kwamba kimoja kinamwibia kingine. Anayesali kisha akampeleka mtoto kwa daktari hajaacha kusali.

Siku ya nne alikuja muuguzi mmoja, mshirika wetu, anayefundisha pia shule ya Jumapili. Akauliza kama mtoto ameambiwa. Tukasema bado, hatutaki kumtia hofu. Akatutazama, akasema, "Anajua. Jana aliniuliza kama kisu cha daktari ni kama kile cha kukatia samaki."

Tulikaa kimya. Tulikuwa tumezungumza na simu sebuleni usiku, tukidhani amelala. Kumbe alisikia neno "kupasua" kupitia ukutani, akalichukua peke yake, akalala nalo usiku wa kwanza, wa pili na wa tatu. Hatukuwa tumemkinga na hofu. Tulikuwa tumemwacha nayo bila mtu wa kuongea naye.

Jioni ile tulifungua Injili ya Yohana, kuanzia sura ya 13 mpaka ya 16. Tumeihubiri sehemu hiyo mara nyingi katika Juma Takatifu, lakini tulikuwa hatujaisoma kama wazazi. Yesu yumo chumbani na watu anaowapenda, na kesho yake ni mbaya. Hawaambii kwamba hakuna kitu. Anawaambia kwamba watahuzunika, kwamba watatawanyika, kwamba ulimwenguni watapata dhiki. Anawaambia pia kwamba huzuni hiyo ina mwisho, na kwamba hatawaacha yatima. Tena anaeleza kwa nini anasema mapema: ili mambo yatakapotokea wasijikwae, bali waamini. Sisi tulidhani kweli itaivunja imani ya mtoto. Bwana aliona kinyume. Kweli iliyosemwa mapema na mtu anayekupenda ndiyo inayokushika siku yenyewe.

Tukamwita mtoto, tukaketi naye mkekani. Tukaanza na lile la zamani. "Siku ile ya homa tulikwambia hakuna sindano. Tulikuwa tunajua ipo. Tulikudanganya. Tumekosa, tunaomba utusamehe."

Akatutazama mmoja mmoja. "Na sasa hivi?"

"Sasa hivi tunakwambia kweli. Ukiuliza kitu tusichokijua, tutasema hatujui."

Yule muuguzi alikuwa ametufundisha namna ya kusema. Mtoto wa miaka mitano aambiwe siku chache kabla, si wiki nyingi, maana kesho kwake ni mbali. Mdogo zaidi aambiwe jana yake au juzi yake. Aambiwe atakachokiona, atakachokisikia na atakachokinusa. Aambiwe kitakachouma. Asiambiwe maneno mengi kuliko anayouliza. Na asiahidiwe lolote ambalo haliko mikononi mwa mzazi.

Basi tukasema. Tutavuka bahari. Utalazwa hospitali, mmoja wetu atalala nawe. Asubuhi hutakula wala kunywa, utasikia njaa, na hatutakuficha chakula kwa sababu sisi pia hatutakula. Utawekewa kisindano mkononi, kitauma kidogo. Kisha utapewa dawa ya usingizi, na ukiwa umelala daktari atakufunga pale panapovimba.

Akauliza, "Nikilazwa na kulala, nitazikwa lini?"

Ilituchukua muda kuelewa. Mwezi uliotangulia tulikuwa tumemzika bibi mmoja wa usharika, mtoto akiwa amesimama karibu na kaburi ameshika joho. Alisikia tukitangaza kwamba bibi amelala katika Bwana. Akaona sanduku likishuka. Sasa watu walewale wanamwambia yeye atalazwa, atalala. Na jirani mmoja alikuwa ametaja mbele yake nusu kaputi, jina ambalo watu wengi huiita dawa hiyo, na kwa sikio la mtoto halitofautiani sana na nusu kifo.

Hapo tuliona jinsi maneno yetu matakatifu yanavyoweza kuwa mazito kwa mdogo anayeyasikia bila maelezo. Tukamwambia, "Bibi alikufa. Kufa si usingizi. Aliyekufa hapumui, moyo wake haupigi, na hatuwezi kumwamsha sisi. Kanisani tunasema amelala kwa sababu tunaamini Yesu atamwamsha. Wewe hufi. Utalala usingizi wa dawa. Utakuwa unapumua na moyo unapiga, na kuna mtu ambaye kazi yake yote ni kukaa kichwani pako kuangalia unavyopumua. Hafanyi kazi nyingine."

"Nitaamka?"

Hilo ndilo swali tulilokuwa tunalikimbia siku zote nne. Tulitaka kusema "lazima." Tukakumbuka ahadi yetu ya dakika tano zilizopita. "Daktari anasema utaamka. Kila siku wanawalaza watoto na kuwaamsha. Sisi tunaamini utaamka, tutakuwa tunakungoja. Na Yesu atakuwa nawe ukiwa macho, atakuwa nawe ukiwa umelala." Baadaye tuligundua kwamba hatukubuni neno hilo. Paulo aliwaandikia Wathesalonike karibu vivyo hivyo, katika sura ya 5 ya barua ya kwanza.

Kesho yake tulishuka naye pwani. Kuna mzee mmoja fundi wa mashua, jirani yetu, Mwislamu kama walivyo wengi wa majirani zetu hapa. Mtoto humpenda kwa sababu humwachia vipande vya mbao. Alikuwa amepandisha mashua mchangani, anaitia kalafati.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona leo mnyonge?"

"Nitapasuliwa. Hapa."

Mzee hakucheka, wala hakumpa pole. Aliweka nyundo chini, akakishika kidole cha mtoto, akakiingiza kwenye mwanya kati ya mbao mbili. "Maji yanapita hapa. Je, chombo hiki kibovu?"

Mtoto akatazama. "Sijui."

"Kizima. Mti mzuri, umbo zuri. Ila pana mwanya. Nikiuacha, siku ya mawimbi utatusumbua. Basi naujaza pamba, naushindilia, napaka mafuta, kinashuka tena majini."

"Kinaumia?"

"Kingekuwa na mdomo kingepiga kelele. Nyundo hii si mchezo."

"Kwa nini usikitengeneze kikiwa majini?"

"Chombo hakitiwi kalafati majini. Majini kinacheza. Lazima kipande pwani, kitulie kwanza, ndipo fundi afanye kazi."

Mtoto akatugeukia. "Ndiyo maana nitalala," akasema. Si swali. Na kwa siku zote zilizobaki hakutuuliza tena habari ya kuzikwa. Alikuwa na kingalawa chake cha kuchezea. Alikipandisha kwenye mkeka, akakiambia kitulie, akakitia pamba tuliyompa, kisha akakishusha kwenye beseni la maji. Alifanya hivyo labda mara ishirini. Usiku wa mwisho kabla ya safari alikifunga kwenye begi lake pamoja na shuka na kikombe chake cha bati.

Tulivuka kwa kivuko kwenda Nyamisati, bahari ikiwa na vurugu, kisha kwa gari mpaka Mbagala na mjini. Wodini watoto walikuwa wengi, na karibu kila kitanda kilikuwa na mama. Wengine walilala chini kwenye khanga. Ni jambo tulilolizoea hata hatulioni, lakini si kila mahali limekuwa hivyo. Mwaka 1952 James Robertson, aliyekuwa akifanya kazi London, alionyesha filamu ya msichana mdogo wa miaka miwili na nusu aliyelazwa siku nane kwa ajili ya ngiri ya kitovu. Wakati ule hospitali nyingi za Uingereza ziliwaruhusu wazazi kuja kwa muda mfupi tu. Wauguzi walisema watoto hutulia baada ya siku chache. Filamu ilionyesha utulivu wenyewe ulivyo: mtoto hajatulia, amekata tamaa ya kuita. Mwaka 1959 kamati ya Harry Platt iliishauri serikali ya nchi hiyo kwamba wazazi waruhusiwe kuwatembelea watoto wao wakati wowote. Basi mama wa Kitanzania anayelala sakafuni miguuni pa kitanda cha mwanawe ana kitu ambacho nchi tajiri zilipaswa kujifunza upya. Kanisa limsaidie mama huyo kwa chakula, nauli na mtu wa kumpokea zamu. Na tusidanganyike na ukimya wa mtoto. Hata katika benchi za kanisa tumekosea hivyo mara nyingi, tukaona mtu amenyamaza tukasema ana amani.

Kitanda cha pili kulikuwa na mvulana aliyelingana na wetu. Aliambiwa wanakwenda kwa shangazi. Kila mlango ulipofunguliwa alisimama akauliza kama shangazi amekuja. Hatukumhukumu mama yake. Tulimjua vizuri sana, alikuwa sisi wa miaka miwili nyuma.

Asubuhi ya upasuaji wetu hakula, na sisi hatukula. Kanula ilipowekwa alilia, lakini hakuhitaji watu wanne. Alitazama upande, akahesabu kwa sauti mpaka kumi na saba. Mmoja wetu alimsindikiza mpaka mlango wa thieta. Pale akauliza, "Mtakuwa wapi?" Tukamwonyesha benchi lililo ukutani. "Hapo. Hatutaondoka." Mlango ukafungwa.

Tuliambiwa itachukua kama saa moja. Saa moja ikapita. Ikapita nusu nyingine. Hakuna aliyetoka kutuambia kitu. Tunaungama mbele yenu, washarika, kwamba katika benchi lile hatukuwa wachungaji wa mtu yeyote. Maneno tunayowaombea wagonjwa kila juma hayakuja. Tuliweza Baba Yetu, na hata hiyo tuliishia katikati, mahali pa mapenzi yako yatimizwe, tukashindwa kupita. Mmoja wetu alisema kwa sauti ndogo, "Mimi siwezi kulisema hilo leo." Mwingine akajibu, "Basi tulikalie hapo."

Tulimkumbuka Luther tena. Binti yake Magdalena alipokuwa anakufa, mwaka 1542, akiwa na miaka 13, baba yake hakumficha. Alimwuliza kwa upole kama angependa kubaki hapa na baba yake au kwenda kwa Baba aliye kule. Mtoto akajibu kwamba ni kama Mungu apendavyo. Luther akalia sana. Tulikuwa tukiwasimulia watu habari hiyo kama mfano wa imani kubwa. Kwenye benchi tuliisikia kwa namna nyingine. Mtu aliyefundisha Ulaya nzima hakuwa na jambo la kumficha mwanawe, wala hakuwa na uwezo wa kumzuia. Alikuwa na kweli, na kukaa karibu. Zaidi ya hayo hakuwa nacho.

Baada ya saa moja na dakika arobaini mlango ulifunguka. Daktari akasema imekwenda vizuri, walichelewa kuanza kwa sababu ya mgonjwa wa dharura. Tukapita mahali pale pa sala tulipokuwa tumekwama, tukaimaliza. Hatusemi kwamba tuliipita kwa imani. Tuliipita kwa sababu mtoto alikuwa mzima. Wako wazazi katika usharika huu waliokwama mahali hapo na mlango ukafunguka kwa habari nyingine, na bado wanaisema sala hiyo kila Jumapili wakiwa nasi. Hao ndio wanaotufundisha sisi.

Alipozinduka alitapika, akalia, akamfukuza muuguzi. Jioni akatulia, akasema kwa hasira, "Mlisema kitauma kidogo. Kimeuma sana."

Tulikuwa na majibu mengi. Tungeweza kumwambia kwamba wengine huumia zaidi, au kwamba mwanaume halii. Tukasema, "Kweli. Tulikosea kipimo. Hatukujua kitauma hivyo."

Alifikiri. "Lakini mlisema kitauma."

"Tulisema."

"Na mlikaa kwenye benchi?"

"Tulikaa."

Akanyoosha mkono ule usio na kanula, akaomba kingalawa chake.

Siku mbili baadaye tuliruhusiwa. Tuliporudi Kilindoni tulipita pwani, na mzee fundi akauliza kwa mbali kama chombo kimeshuka majini. Mtoto akapandisha shati kumwonyesha plasta. Mwezi uliofuata alirudi kuoga na wenzake.

Habari ya imani yake hatuwezi kuifunga kwa maneno matamu. Bado ni mtu wa kuhakikisha, na uji bado anautia kidole. Ila usiku mmoja baada ya sala yetu alisema na yeye ana sala. Tukangoja. Akasema, "Mungu, yule mtoto wa kitanda cha pili, mwambie shangazi haji. Halafu ukae naye." Akafumba macho mwenyewe.

Tangu hapo tumebadilisha mambo mawili katika huduma yetu. Tukizika, na watoto wapo, tunasema kwanza kwamba ndugu yetu amekufa, na kueleza maana yake, ndipo tunasema amelala katika Bwana na kueleza kwa nini. Na mzazi akija kuombewa kwa ajili ya mtoto anayekwenda hospitali, kabla ya kuwekea mikono tunauliza: yeye mwenyewe ameambiwa? Kama bado, tunamwomba mzazi aketi naye mkekani jioni hiyohiyo. Tutaomba kesho, tukiwa na mtoto.